Mashua Moja, Kazi Mbili: Namna ya Kuchagua Chombo cha Uvuvi na Usafiri Ziwa Victoria



Kati ya maombi yanayotufikia kutoka kamati za parokia zilizoko visiwani na kandokando ya ziwa, ombi la mashua halikosekani. Mara nyingi huandikwa kwa mstari mmoja: mashua moja na injini yake, kwa ajili ya uvuvi wa kikundi cha vijana na usafiri wa waamini. Mfadhili naye akiusoma mstari huo hupendezwa, kwa kuwa anaona fedha yake itafanya kazi mbili. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwa habari ya mashua, kinachoponyoka chaweza kuwa uhai wa watu.

Tunaandika hivi kwa sababu kosa hilo tulilifanya sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulipitisha ombi la aina hiyo. Mashua iliyonunuliwa ilikuwa nyepesi, bapa kwa chini na fupi kwa ubavu. Iliwafaa sana vijana waliotega nyavu za sato kandokando ya mafunjo. Baada ya miezi michache ikaanza kuvusha watu kwenda kisiwa cha jirani, siku za mnada na siku za kliniki. Alasiri moja, ikiwa na watu 14, upepo ulibadilika na mawimbi yakaanza kuingia kwa juu. Akina mama walikumba maji kwa sufuria, magunia mawili ya mihogo yakatupwa ziwani, nahodha akageuka na kufuata upepo hadi wakajibanza kwenye matete. Hakuna aliyekufa.

Siku iliyofuata akina mama hao walikuja kutuuliza ni nani aliyesema kwamba mashua ile inaweza kuvuka. Hatukuwa na jibu. Fomu yetu ya maombi haikuwa na mahali pa kuuliza mashua itapita kwenye maji gani. Makala hii ni sehemu ya jibu ambalo tungepaswa kuwa nalo siku ile.

ZIWA LENYEWE

Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Kwa ukubwa wa eneo ni la pili duniani kati ya maziwa ya maji baridi, likitanguliwa na Ziwa Superior la Amerika Kaskazini. Hata hivyo si refu sana kwenda chini: kina chake cha wastani ni kama mita 40, wakati Ziwa Tanganyika lina sehemu zinazozidi mita 1,400.

Mawimbi ya ziwa hayafanani na yale marefu ya bahari kuu. Ni mafupi, yamesimama wima, na hufuatana kwa karibu. Mashua ndogo hupanda wimbi moja, na kabla haijatulia wimbi la pili limeshafika. Ndiyo maana mtu aliyezoea bahari anaweza kulidharau ziwa siku ya kwanza, na siku ya pili akaliheshimu.

Hali ya hewa nayo ina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji, na hewa yenye unyevunyevu hupanda na kufanya mawingu ya radi. Kwa sababu hiyo dhoruba nyingi kali hutokea usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao.

Hata meli kubwa hazikusalimika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa na nafasi ya abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi, na waliokufa walizidi 200. Mara zote mbili nchi kavu haikuwa mbali.

KAZI MBILI ZINAZOGOMBANA

Mashua ya kuvulia kwenye mafunjo hutakiwa ipite kwenye maji mafupi. Iwe bapa kwa chini, nyepesi ya kusukumwa kwa upondo, na ubavu wake uwe mfupi ili mvuvi avute wavu bila kuinama sana. Ikiwa imetulia, mashua bapa haiyumbi ovyo, na mtu anaweza kusimama ndani yake. Lakini ikikutana na mawimbi hupiga maji kwa kishindo, mbao hulegea na misumari huanza kutoka.

Mashua ya kuvuka maji makubwa hutakiwa vingine. Chini iwe na umbo la herufi V ili ikate wimbi badala ya kulipiga. Ubavu uwe mrefu, omo liinuke, na chombo chenyewe kiwe kizito kiasi. Kasoro yake ni kwamba inahitaji kina zaidi, hulala upande inapopandishwa ufukweni, na huyumba mtu anaposimama.

Wafadhili wetu walio karibu na Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini watalielewa jambo hili upesi. Huko wapo watu wanaotaka mashua moja ya kuwindia bata kwenye vinamasi wakati wa majira ya kupukutika majani, na ya kuvulia samaki kwenye maji makubwa wakati wa kiangazi. Kinamasi kinataka mashua bapa na ya chini, ziwa linataka mashua ya V na yenye ubavu mrefu. Wawindaji hao hubeba watu, bunduki, mbwa na mifuko ya bata wa bandia ndani ya chombo kidogo, kwenye maji ya baridi kali, na chombo kikijaa kupita kiasi hupinduka kama kwetu. Mwindaji wa bata wa Ziwa Erie na mvuvi wa sato wa Ukerewe wana swali moja.

Nao wamefikia jibu linalofanana na la mafundi wetu: umbo la katikati. Omo huwa na V kali ya kukata wimbi, na kadiri unavyokwenda nyuma V hiyo hupungua hadi karibu bapa, ili mashua itulie na isihitaji kina kirefu. Kwetu wapo mafundi wanaochonga mitumbwi ya mbao ya aina ya Sese yenye mkuku, iliyochongoka mbele na kukatwa nyuma kwa ubao wa kubebea injini. Fundi mzuri anaweza kuongeza ubavu na kupanua kitako bila kuharibu umbo hilo.

Lakini umbo la katikati halifanyi kazi zote mbili kikamilifu, na mtu asidanganywe. Kwenye mafunjo litakuwa zito kuliko mtumbwi bapa, na kwenye wimbi litapiga maji zaidi ya mashua ya V kamili. Kwa hiyo tumejiwekea kanuni moja, nayo ndiyo kiini cha makala hii: chagua mashua kwa kuangalia maji mabaya kuliko yote itakayopita, wala si kwa kuangalia kazi itakayoifanya mara nyingi. Ikivua siku 300 kwenye matete na kuvuka maji makubwa siku 10, ichaguliwe kwa ajili ya zile siku 10. Mvuvi atakayesukuma mashua nzito atachoka, lakini atarudi nyumbani.

UZITO NA NAFASI

Swali la kwanza la kamati nyingi ni hili: itabeba watu wangapi? Walinzi wa Pwani wa Marekani wana hesabu rahisi kwa boti zenye urefu chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Boti ya futi 18 kwa 6 hutoa 108, na ukigawanya kwa 15 unapata watu 7. Hesabu hiyo ni ya hali nzuri ya hewa. Wengi wetu tumeona chombo cha ukubwa huo kikibeba watu 15 na kuku wao.

Ipo hesabu nyingine ambayo kila kamati inaweza kuifanya. Chukua mashua ambayo eneo lake pale inapogusana na uso wa maji ni mita za mraba 5. Kila kilo 100 utakazoongeza zitaishusha sentimita 2. Watu wazima 15 wenye kilo 75 kila mmoja ni kilo 1,125, nao wataishusha zaidi ya sentimita 22. Ongeza magunia matatu ya kilo 100, nayo itashuka sentimita 6 nyingine. Ikiwa ubavu uliobaki juu ya maji ulikuwa sentimita 50 mashua ikiwa tupu, sasa umebakiwa na 22 tu, na wimbi la sentimita 30 si wimbi la kutisha.

Maji yakishaingia huongeza hatari yenyewe. Sakafu ya mita 6 kwa mita 1.2 yenye maji ya kina cha sentimita 10 tu imebeba kilo 720, sawa na watu karibu 10 ambao hawakukata tiketi. Tena watu hao hawakai mahali pamoja. Mashua ikiinama kushoto maji yote hukimbilia kushoto, na kuinama kunakuwa kupinduka. Abiria wanaosimama au kuhamia upande mmoja wanapokaribia kushuka hufanya vivyo hivyo. Mzigo ukae chini katikati, na watu wakae.

Mwaka 1876 Bunge la Uingereza, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, lilipitisha sheria iliyotaka meli ziwe na alama ubavuni ya kuonyesha kikomo cha mzigo. Nasi tumeiga kwa rangi nyekundu ya dukani. Kila mashua tunayosaidia kuinunua huchorwa mstari pande zote mbili, sentimita 40 chini ya ukingo. Mstari ukizama, mtu au gunia hushuka. Huu ni utaratibu wetu sisi, nao haufuti masharti ya wakaguzi wa serikali. Faida yake ni kwamba humwondolea nahodha mabishano, maana hata mtoto aliye ufukweni anauona mstari.

MBAO, FAIBA AU ALUMINI

Mbao zina sifa kubwa moja: fundi yuko kijijini. Mvule na mninga hudumu, mbao laini huoza mapema. Angalieni taruma zisiwe mbali mbali, misumari iwe ya mabati yasiyoshika kutu upesi, na kalafati ifanywe kabla ya rangi kupakwa. Rangi nzuri huficha mengi, hivyo mkaguzi wa kamati aione mashua kabla haijapakwa.

Faiba ni nyepesi, haiozi wala hailiwi na wadudu. Lakini ikigonga mwamba hupasuka, na miamba iliyojificha chini ya maji ni mingi katika sehemu za Mwanza. Kabla ya kuinunua, ulizeni nani ataiziba na dawa zake zitapatikana wapi.

Alumini hupendwa sana na wavuvi na wawindaji wa Amerika Kaskazini kwa kuwa ni nyepesi na hustahimili kuburutwa mawe. Mfadhili anayefikiria kututumia mashua ya aina hiyo tunamshukuru, ila kuchomelea alumini kunahitaji mitambo na ujuzi ambao mafundi wengi wa vijiji vyetu hawana. Mashua isiyoweza kutengenezwa na watu wanaoitumia haidumu kwao.

INJINI

Injini za mipigo miwili, zile ambazo petroli yake huchanganywa na oili, ni rahisi kutengeneza na vipuri vyake viko karibu kila mwalo mkubwa. Za mipigo minne hunywa mafuta kidogo zaidi na hazina moshi mwingi, lakini ni nzito na zinahitaji fundi aliyesomea. Kwa mwalo wa mbali, ujuzi wa fundi aliye karibu ndio uamue.

Kosa tuliloliona mara nyingi ni mguu wa injini kutolingana na ubao wa nyuma. Miguu iliyozoeleka ni ya inchi 15 na inchi 20. Mguu mfupi kwenye ubao mrefu hufanya propela izunguke hewani kila wimbi linapopita. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi hukwaruza mchanga na kukusanya majani. Pimeni ubao kabla ya kuagiza injini.

Mahali penye magugumaji, ambayo yalionekana katika ziwa hili tangu miaka ya mwisho ya 1980, mashua iwe na kasia na upondo hata kama injini ni mpya. Magugu hufunga propela na kuziba njia ya maji ya kupoza injini. Kwa mafuta fuateni kanuni ya mabaharia: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya yale msiyoyajua.

VITU VINAVYOACHWA NJE YA BAJETI

Katika maombi mengi mashua na injini huchukua fedha yote. Jaketi okozi huandikwa mwisho, na bajeti ikipunguzwa ndizo za kwanza kufutwa. Sisi hatupitishi tena ombi la namna hiyo. Mtu aliye majini huhitaji msaada wa kilo chache tu ili kichwa chake kibaki juu, na jaketi nzuri hutoa zaidi ya hapo. Lakini jaketi iliyofungiwa stoo ya parokia haimwokoi mtu. Kila abiria avae kabla kamba haijafunguliwa, na ziwepo za watoto.

Mashua yenyewe nayo isaidiwe isizame. Dumu tupu la lita 20 lililozibwa vizuri hubeba karibu kilo 20 likizamishwa. Madumu 10 yakifungwa imara chini ya viti yataifanya mashua iliyojaa maji ibaki juu na watu waishike. Jaribuni ufukweni: ijazeni maji makusudi, watu wakiwa wamevaa jaketi, mwone inakaaje. Zoezi hilo la asubuhi moja limewafundisha wajumbe wetu zaidi ya semina zote.

Kuna pia jambo la watu. Wavuvi wa dagaa wakirudi alfajiri, nahodha hajalala. Mashua hiyo hiyo ikiondoka saa mbili asubuhi na wagonjwa, inaongozwa na mtu anayesinzia, na sakafu yake ina nyavu zilizolowa na utelezi wa samaki. Kwa hiyo tunasema kazi mbili, safari mbili, na ikiwezekana manahodha wawili. Nyavu na abiria wasipande pamoja.

SHERIA

Leseni ya uvuvi haimpi mtu ruhusa ya kubeba abiria. Kwa Tanzania, vyombo vidogo husajiliwa na kukaguliwa na TASAC, iliyoanza kazi mwaka 2018, na uvuvi una leseni yake kwa maofisa uvuvi. Mashua ya kazi mbili inahitaji kukubaliwa kwa zote mbili. Kamati ianze kwa kumwita mkaguzi kabla fundi hajakata ubao wa kwanza, kwa sababu ni rahisi kubadili mchoro kuliko kubadili mashua. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nao usikilizwe kila siku ya safari na uandikwe kwenye daftari la mwalo.

MASWALI YA KAMATI KABLA YA KUANDIKA OMBI

1. Maji mabaya kuliko yote ambayo mashua itapita ni yapi, na ni ya umbali gani?
2. Mwaloni kuna kina gani wakati maji yamepungua?
3. Siku yenye watu wengi kuliko zote ni ipi, na nani atakayewakatalia wa ziada?
4. Fundi wa chombo na fundi wa injini wanakaa wapi?
5. Fedha ya jaketi, ukaguzi, vipuri na mafuta ya mwaka wa kwanza imetoka wapi?
6. Nahodha ni nani, na anapumzika lini?

Kamati ikishindwa kujibu swali la kwanza na la tatu, tunaomba isitume ombi kwanza. Ikae na wavuvi wazee wa mwalo wao, ambao wanalijua ziwa kuliko sisi.

Kwa wafadhili wetu tunasema haya kwa heshima. Ombi lililojibiwa vizuri litakuwa na gharama kubwa kuliko ule mstari mmoja wa zamani. Pengine fedha iliyotosha mashua mbili itatosha moja. Pengine tutawaambia kwamba mahali fulani kazi mbili haziwezi kuunganishwa, na kwamba mtumbwi bapa ubaki kwenye mafunjo na watu wasubiri kivuko. Mkipokea jibu hilo, msilione kuwa ni mradi ulioshindwa.

Ile mashua ya kwanza bado ipo. Vijana wanavulia sato kando ya matete, kazi ambayo iliundwa kwa ajili yake, na ubavuni ina mstari mwekundu. Haivuki tena. Wale akina mama sasa ni wajumbe wa kamati ya mwalo, na wao ndio wanaoshika daftari la kuhesabu abiria wa mashua ya pili.

 Mungu awalinde wote wasafirio majini.